Fundi Kwanini Anatuachia Karakana

Tarehe thelathini mwezi huu fundi wetu wa umeme wa magari anastaafu, baada ya kuitumikia karakana ya hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu. Safari hii ni kweli. Najua kuna wasomaji wa jarida letu watakaoguna na kusema habari hii wameshaisikia, na hawakosei, kwa sababu tulishamuaga mara mbili. Mara ya kwanza tulikata keki, tukapiga picha, mganga mkuu akatoa hotuba nzuri tu, na Jumatatu asubuhi nikafungua dirisha la ofisi yangu nikaiona miguu ya Fundi imechomoza chini ya gari la wagonjwa kama kawaida. Mara ya pili hatukununua keki.

Mimi ndiye ninayepanga safari za magari ya hospitali. Ofisi yangu na karakana vimetenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba, kwa hiyo nimemsikia Fundi akikohoa, akiimba vibaya na kugombana na boliti kwa miaka mingi kuliko niliyomsikia mume wangu. Wahariri walipotafuta wa kumwandika, wote wakanigeukia mimi. Nikakubali kwa moyo mkunjufu, na pia kwa sababu nina mambo yangu ya kusema.

Habari ya kuajiriwa kwake inasimuliwa kwa namna nyingi, na mwenyewe huitia chumvi, lakini mama mkwe wake, ambaye sasa ni bibi wa vitukuu, aliwahi kunieleza ilivyokuwa. Wakati huo Fundi alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Mama mkwe alikuwa amelazwa hapa, na mkwe akawa anamletea uji kila asubuhi. Siku moja king'ora cha gari la wagonjwa kikagoma kunyamaza mbele ya wodi ya wanawake. Madereva wakapiga boneti, wakapiga usukani, mmoja akavua kiatu akakipiga king'ora chenyewe. Wagonjwa wakaziba masikio kwa mito. Mkwe akatoka na chupa ya uji kwapani, akazima gari, akachomoa funguo, akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, akang'oa moja, na dunia ikatulia.

Mkuu wa usafiri wa wakati ule akamshukuru, kisha akamwomba airudishe ile fyuzi ili gari liendelee na kazi. Mkwe akakataa. Alisema hairudishi mpaka ajue king'ora kimepatwa na wazimu gani. Ikabidi waache atafute, na alipomaliza kutafuta na kutengeneza, wakamuuliza anafanya kazi wapi. Mama mkwe mpaka leo anasisitiza kwamba ajira ile ilitokea kitandani kwake, na kwamba katika maisha yake hajanywa uji uliopoa kama wa siku ile.

Jina la Fundi Kwanini lilianzia hapo. Kwa wasiojua mambo ya magari, fyuzi ni kidude cha plastiki kinachoenea kwenye ncha ya kidole, chenye miguu miwili ya bati na kiuzi chembamba ndani yake. Umeme ukizidi, kiuzi kinakatika, na kile ulichokuwa unakitumia kinazimika: taa, honi, feni, pampu. Dereva wa kawaida huiona fyuzi ndiyo mkosaji, anataka atupe hii atie nyingine aondoke. Fundi huiona fyuzi ni mlinzi aliyepigwa akiwa zamu, na swali lake ni kwamba nani kampiga.

Basi kupata fyuzi kwake ilikuwa kama kwenda kuposa. Unaulizwa umetoka wapi, ulikuwa umewasha nini, mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi, nani alikaa kiti cha mbele na alikuwa anachokonoa nini. Madereva walimwita mkono wa birika. Mmoja wao, mcheshi aliyekwisha kuhamia kituo kingine, alichoka kuhojiwa akajibu kwamba fyuzi yake imekatika kwa uzee, kama unavyomkata mtu fulani aliyesimama hapo mbele yake. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akamjulisha kwamba uzee unalegeza, haukati, na akaingia chini ya gari kutafuta. Alikuta panya ametafuna waya wa taa za nyuma na kujijengea nyumba nzuri kabisa ya sponji ya kiti.

Utaratibu wake tuliujua hata sisi tusioendesha. Zima kila kitu, taa na redio na feni. Zima injini, na funguo itie mfukoni mwako, usiiache inaning'inia, maana watu wana mikono. Soma mchoro ulio nyuma ya kifuniko cha kisanduku, usibahatishe. Ng'oa kwa kile kikoleo cha plastiki, si kwa bisibisi wala kwa meno, na aliyewahi kutumia meno anajijua. Itazame kwenye mwanga uone kiuzi kimekatika kweli. Weka nyingine yenye nguvu ileile, isizidi hata kidogo. Na ikikatika tena, acha kabisa, usishindane nayo. Hilo gari lina neno.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni dereva wetu mmoja tunayemwita Fasta. Jina linajieleza. Fasta akisimama kwenye foleni ya chai, miguu yake inakuwa imeshatangulia mezani. Miaka michache iliyopita fyuzi ya redio ya gari lake ilikatika, naye hakuona sababu ya kwenda kuposa, akachukua ile karatasi ya kung'aa iliyomo kwenye pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyokufa, akairudisha. Redio ikaimba. Fasta akapita dirishani kwangu anapiga miluzi. Fundi alikuwa upande wa pili wa uwanja anakula karanga. Akainua pua, akaziweka karanga chini, akaja moja kwa moja mpaka kwenye lile gari, akaing'oa ile karatasi ingali ya moto.

Tulisubiri kishindo, hakikutokea. Fundi alimkalisha Fasta kwenye tairi kuukuu, akavaa glavu zake nene, akachukua betri na kipande cha waya, akauunganisha waya kichwa kwa kichwa bila fyuzi. Waya ukapiga moshi, ngozi yake ya plastiki ikayeyuka ikadondoka sakafuni matone matone, chuma kikawa chekundu. Kisha akamwambia atazame kiti cha gari lake, ajue kwamba waya kama huo umepita chini yake, na chini ya kitanda cha mgonjwa, na kando ya tangi la mafuta. Fyuzi imetengenezwa ife ili hayo yote yapone. Ukiizuia isife, umechagua kitu kingine kife badala yake. Fasta hakupiga miluzi wiki nzima. Lakini tuseme ukweli, hatukuamini kwamba somo limeingia. Fasta ni Fasta.

Katika miaka yake yote hapa, hakuna gari la hospitali lililoungua. Hili ndilo jambo kubwa nililotaka liandikwe, na mwenyewe hapendi litajwe, anasema ni kujitafutia nuksi. Amebadilisha mfumo wa taa wa magari yote ya wagonjwa, amefundisha mafundi wanne ambao wawili wana karakana zao, na ndiye aliyetuunganishia feni ofisini mwaka ule wa joto, ingawa tulihojiwa kwanza hiyo ya zamani iliungua kwa nini. Lakini kama ningeambiwa nitaje moja tu, ningetaja hilo la kutoungua.

Sasa, mtu mwenye rekodi hiyo ungedhani ataondoka anapepea. Wapi. Umri wake wa kustaafu ulipofika aliomba mwaka mmoja wa nyongeza, akapewa. Ulipokwisha akaomba mwingine. Mkewe, fundi cherehani aliyekwisha kuuza vyerehani vyake viwili na kubaki na kimoja cha mkono, alifunga virago mara mbili na kuvifungua mara mbili. Wana nyumba yao waliyoijenga polepole karibu na kwa binti yao, mbali na hapa, imekamilika mpaka mapazia, na hakuna anayelala ndani yake. Mara ya pili mama yule alikuja ofisini kwangu, akakaa, akaniuliza kwa upole kama kuna mwanamke mwingine humo karakana. Nilimwambia yupo, ana magurudumu manne. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Siku hiyo nilimfuata Fundi nikamuuliza waziwazi anang'ang'ania nini. Alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo, halafu akanieleza kwamba anaogopa. Haogopi upweke wala kukosa la kufanya. Anaogopa kwamba wiki moja baada ya kuondoka kwake, mtu ataharakisha, atatia fyuzi kubwa mahali pa ndogo ili tu gari liwake, na gari litaungua likiwa na wagonjwa ndani, wagonjwa wasioweza hata kuinuka. Alisema akifumba macho analiona. Tangu hapo sikumtania tena juu ya keki.

Hata hivyo alijitahidi kujiandaa. Yeye ndiye aliyependekeza kila gari liwe na kikopo chake cha fyuzi za akiba, ili madereva wazoee kujitegemea. Hapo ndipo palipojificha jambo ambalo hakuna aliyeliona, na mwenyewe wa kwanza.

Fyuzi hutofautishwa kwa rangi na kwa namba iliyoandikwa kichwani. Fundi hakuwahi kutumia namba katika mazungumzo. Alikuwa na majina yake. Nyekundu, ya kumi, ilikuwa pilipili. Njano, ya ishirini, ilikuwa ndizi. Kijani, ya thelathini, mchicha. Ile isiyo na rangi, ya ishirini na tano, aliiita kioo. Na ya bluu, ya kumi na tano, aliiita ya maji, kwa sababu ndoo yake ya kwanza ya kuogea alipoanza maisha ilikuwa ya bluu, au sababu nyingine ya namna hiyo. Madereva walizoea kusikia akijisemea mwenyewe, lete mchicha, weka ndizi, wakacheka kwamba Fundi anapika. Hawakuwa na haja ya kujua ipi ni ipi, maana siku zote aliwawekea mkononi iliyo sahihi.

Miezi miwili iliyopita, asubuhi moja, Fundi alikuja amevaa shati jipya. Alikuwa anakwenda ofisi ya utumishi kuomba mwaka wa tatu. Alipita kwangu kwanza kunywa chai, na simu yangu ya mezani ikaita. Alikuwa Fasta. Alikuwa njiani kuwarudisha nyumbani wagonjwa wawili waliotoka kusafishwa figo, pamoja na muuguzi wao, na gari lilikuwa limezimika ghafla. Alishatazama mchoro na kuona fyuzi ya pampu ya mafuta imekatika. Sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea. Fundi akachukua simu, akamwongoza kwa utulivu, zima, chomoa funguo, ng'oa hiyo, halafu akamwambia kwenye kikopo atafute ya maji. Fasta akaitikia kwamba ameiona, ya maji. Simu ikakatika.

Fundi akarudi kwenye chai yake ameridhika. Mimi nilikuwa na kikopo kimoja cha akiba juu ya kabati, cha gari lililokuwa matengenezoni, na kwa vile nilikuwa nimekaa tu, nikakimwaga mezani nitazame hivyo vitu vinavyozungumzwa kila siku. Nikaokota ile inayopitisha mwanga, safi, isiyo na rangi yoyote, nikainua juu nikasema kumbe ya maji ndiyo hii, imefanana kweli.

Fundi aliitazama ile fyuzi. Kikombe kikabaki hewani. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "Maji hayana rangi, dada."

Akaiokota ya bluu kutoka mezani, akanionyesha kwamba ya maji ni hiyo, nami nikaelewa. Mahali pa kumi na tano Fasta alikuwa anaweka ishirini na tano, kwa kuambiwa na Fundi mwenyewe. Kama kulikuwa na waya uliochubuka, na ulikuwepo, maana kitu kilikuwa kimeikata ile ya kwanza, sasa hakungekuwa na cha kuuzuia usichemke. Na waya wa pampu ya mafuta unapita chini ya viti vya nyuma kwenda kwenye tangi. Nilipiga simu ya Fasta, haikupatikana. Nikapiga ya muuguzi, haikupatikana. Sehemu ile ya barabara iko bondeni, mtandao hauna adabu.

Tulichukua pikapu ya kuvutia magari, Fundi akaendesha, mimi nikakaa pembeni kwa sababu ndiye niliyeijua njia waliyopita. Nikamwachia mwenzangu simu ya mezani aendelee kupiga. Njiani Fundi hakuuliza kitu. Mtu ambaye angemhoji hata kuku kwa nini amevuka barabara alikuwa anaendesha amekaza taya, na macho yake hayakuwa barabarani, yalikuwa juu ya paa za nyumba na miti iliyo mbele, na nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta moshi. Mimi pia nikaanza kuutafuta. Kila aliyechoma takataka nyuma ya nyumba yake siku ile alitupunguzia umri.

Aliongea mara moja tu. Alisema miaka yote amewaogopa wao, kumbe wa kuogopwa ni yeye. Nikamwonyesha kona ya kukunja.

Tulipoteremka bondeni tuliliona gari. Limeegeshwa kando vizuri, boneti imefunguliwa, pembetatu ya tahadhari imewekwa nyuma yake kwa umbali unaotakiwa. Hapakuwa na moshi. Wagonjwa wawili walikuwa wameketi kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule, mmoja wao kwenye kiti cha magurudumu, muuguzi anawapepea kwa daftari la muuza duka. Waya wa betri ulikuwa umefunguliwa na kuwekwa pembeni. Milango yote ilikuwa wazi, na kutoka mlango wa nyuma ilichomoza miguu ya mtu aliyelala kifudifudi anamulika kwa tochi chini ya viti. Kwa nukta moja nilidhani ni miguu ya Fundi, na Fundi alikuwa amesimama kando yangu.

Fasta alijitoa kwa kurudi nyuma, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alituona, akamwona Fundi amekosa rangi, akadhani anakuja kugombezwa. Akaanza kujitetea haraka haraka kama ilivyo kawaida yake.

"Mzee, sijaweka kitu. Nilikuwa bado sijajua imekatika kwa nini."

Ile fyuzi isiyo na rangi ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Alikuwa ameichagua na kuishika tayari, kwa uhakika wote kwamba ndiyo ya maji. Lakini alipoing'oa iliyokufa na kuielekeza kwenye mwanga, aliona haikukatika tu, ilikuwa imepiga weusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, hata rangi na namba yake havikuonekana. Akapata wasiwasi. Alitwambia aliisikia sauti ya Fundi kichwani ikimkera vilevile inavyomkera kule karakana, akajaribu kuipuuza, ikakataa. Basi akawateremsha wagonjwa kwanza, akafungua betri, akaingia chini kutafuta.

Na alikuwa ameshapata. Boliti ya kiti kimoja, kilichosogezwa wiki ile ili kipatikane nafasi ya kiti cha magurudumu, ilikuwa imeukalia waya wa pampu na kuuchubua mpaka shaba ikawa nje, inagusa bodi ya gari. Fasta alimwonyesha kwa tochi, anaona fahari na anajaribu kuificha, haijifichi. Fundi alitazama. Alitazama tena. Halafu akaenda kuketi kwenye ukingo wa barabara na shati lake jipya, akavua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kutikisika. Fasta akaniuliza kwa macho kama analia au anacheka. Ukweli ni kwamba alikuwa anafanya yote mawili, na mimi nikaketi kando yake nikamsaidia. Yule mgonjwa wa kiti cha magurudumu akamwambia muuguzi kwamba wafanyakazi wa hospitali hii wanahitaji kupumzishwa.

Gari jingine lilikuja likawachukua wagonjwa, wakafika kwao salama wakiwa na njaa tu. Fundi na Fasta waliutengeneza waya palepale, wakaufunga vizuri, wakaupitisha mbali na boliti, kisha Fundi akaitoa fyuzi ya bluu kwenye kikopo, akaiweka kwenye kiganja cha Fasta, na mbele yangu akamweleza kosa lake bila kupunguza neno. Hakuulaumu mtandao wala kelele za barabarani. Alisema jina lile lilikuwa zuri kwa mtu aliyekuwa karibu na mkono wake, na baya kwa mtu wa mbali, na yeye hakulifikiria. Fasta, ambaye kwa mara ya kwanza katika historia hakuwa na haraka, alitikisa kichwa na kuisoma namba iliyo kichwani mwa fyuzi kwa sauti kabla ya kuiweka. Gari likawaka.

Kesho yake Fundi alikwenda ofisi ya utumishi na shati lilelile likiwa limefuliwa. Walipomwona walishaandaa majibu ya mwaka wa tatu. Akawaambia amekuja kuuliza anaweza kuondoka lini. Nasikia yule dada wa utumishi alimwomba arudie.

Wiki zake za mwisho alizitumia kuyazika majina yake. Alipita kwa kila dereva, uso kwa uso, akamwambia kuanzia leo hakuna pilipili wala ndizi wala maji, kuna namba, na namba husomwa kwa sauti kwenye fyuzi inayotoka na kwenye fyuzi inayoingia. Aliyesahau akasema mchicha alitazamwa mpaka akajirekebisha mwenyewe. Nakiri nimeyakumbuka yale majina, karakana ilikuwa inasikika kama jikoni la watu wenye furaha. Lakini nalala vizuri zaidi nikiwasikia wanatamka namba.

Ameanza likizo yake ya kumalizia wiki tatu zilizopita. Juzi nilimpigia mkewe simu kuhakikisha tarehe ya sherehe, nikasikia nyuma yake mjukuu anacheka na mtu anakoroma. Nikauliza nani anayekoroma mchana wote huu. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo nilijua imebeba kicheko na machozi, kwamba ni Fundi, na kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kumwona mtu huyu analala mchana. Siku za kwanza alilala na simu kifuani. Siku moja ikaita, alikuwa Fasta, Fundi akaruka akauliza nini kimekatika. Fasta akasema hakijakatika kitu, amepiga kumsalimia tu. Walizungumza kidogo habari za watoto, wakaagana, Fundi akaiweka simu juu ya kabati la vyombo, na tangu hapo haijashuka.

Kwa niaba ya madereva, wauguzi, wagonjwa ambao hawatajua kamwe ni kitu gani hakikuwapata, na mimi jirani yako wa ukuta mwembamba, ahsante, Fundi. Ahsante kwa kutuhoji, kwa kutuchelewesha, na kwa kutukera mpaka tukakubeba vichwani mwetu. Wewe na mama mkae kwenye nyumba yenu mkiwa na afya, mapazia yafunguliwe kila asubuhi, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali mpaka uombe msamaha kwetu sote.

Na usingizi wa mchana usiuonee haya, ulikuwa haki yako siku nyingi. Ninapomaliza kuandika haya jua limeshashuka, nimesimama dirishani naangalia uwanja. Lala, Fundi. Magari yote yamerudi.